Ramani ya karatasi kwa safari ya miguu Pemba

Mtembezi wa Konde
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Jumapili iliyopita tulitoka Konde kwa miguu watu watano, tukaupita Msitu wa Ngezi kwa nia ya kufika Vumawimbi na kisha kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Ramani tulikuwa nayo katika simu moja tu, nayo ilizimika chaji wakati tumeshaiacha barabara, tukazunguka karibu saa nzima katika vijia vinavyofanana kama mapacha, hadi tukakutana na mzee aliyekuwa akibadilisha malisho ya ng'ombe wake. Je, kubeba ramani ya karatasi katika kisiwa kidogo kama chetu kuna faida, au ni mzigo tu?

Mpimaji
Wa alaykum salaam. Faida ipo. Simu haihitaji mtandao ili ijue ilipo, kwa sababu hupokea mawimbi ya satelaiti moja kwa moja. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, kwa hiyo mngeipakua nyumbani mapema, mkazima mtandao wa simu njiani, chaji ingedumu zaidi. Lakini simu huanguka na huingia maji. Chapisheni ramani ya OpenStreetMap, ambayo ni ya bure, kwa kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1, kisha mpige lamineshini, maana karatasi tupu haimalizi siku moja ya masika.

Mwana wa Wete
Nakubaliana na Mpimaji, ila karatasi haina kidoti cha kukwambia uliposimama. Lazima uigeuze ielekee kaskazini, na hapa sisi tuna bahati: Pemba na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, zote zikikaribia nyuzi 40 mashariki, hivyo kibla chetu ni kaskazini. Simama nje ya msikiti wowote wa kijijini, tazama ukuta uliotokeza kwa ajili ya mihrabu, elekeza kichwa cha ramani huko. Kivuli cha adhuhuri usikitegemee, hasa mwanzoni mwa Machi na Oktoba, jua linapokuwa utosini. Ndani ya Ngezi hakuna msikiti, kwa hiyo chukueni dira.

Mtembezi wa Konde
Ahsanteni sana. Hilo la mihrabu nimeswali nalo maisha yangu yote bila ya kulifikiria hivyo! Na tukirudi kwa ufukweni badala ya msituni?

Mwana wa Wete
Hapo ramani zote mbili zitawadanganya, kwa kuwa zinachora pwani kana kwamba haina kupwa wala kujaa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na mchanga mliopita asubuhi mtaukuta umefunikwa. Kabla ya kupiga lamineshini, andikeni pembeni mwa karatasi saa za maji kujaa siku hiyo.