Methadoni hapa Malindi: ni tiba ya ubongo au ni unga wa serikali?

Binti Barani:
Wenzangu, nauweka mjadala huu wazi kwa sababu kwenye baraza la mtaani ulikatizwa kwa kelele. Mzee mmoja alisema kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini, iliyofunguliwa hapa Malindi 2015 "inawagawia mateja unga wa serikali", na watu wakampigia makofi. Mimi nasema uraibu ni ugonjwa wa ubongo na ile ni tiba yake, na makofi yale yanawarudisha vijana wetu maskani, kwenye vijiwe vya unga.

Tuanze na ubongo wenyewe. Heroini, ndiyo huo unga, ikiingia mwilini hugeuka mofini, na mofini hushika vipokezi ambavyo ubongo unavyo kwa ajili ya kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Vipokezi hivyo vilithibitishwa na watafiti 1973. Mtu akitumia kwa miezi, ubongo huzoea na kujipanga upya kana kwamba unga utakuwapo siku zote. Kwenye shina la ubongo kuna kiini kidogo kinachotoa noradrenalini, kemikali inayotuweka macho na kutushtua panapo hatari. Unga hukibana kiini hicho. Unga ukikatika, hufyatuka. Ndiyo arosto: makamasi, jasho la baridi, vinyweleo kusimama, kuharisha, mtu kujikunja sakafuni usiku kucha. Aliyekesha na ndugu yake katika hali hiyo hatasema anajifanya.

Methadoni hushika vipokezi vilevile, sikatai. Tofauti ni mwendo. Heroini hupanda haraka na baada ya saa chache imeshashuka, ndipo teja hurudi kutafuta kete nyingine hata kwa kuuza sufuria za mamake. Methadoni ya kunywa hupanda polepole na hukaa siku nzima na zaidi. Kipimo kikiwa sawa, mtu halewi wala hapati arosto, anaweza kula, kulala na kufikiri. Madaktari Dole na Nyswander walilionyesha hilo New York 1965, na Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2005.

Kinachonitia uchungu zaidi ni kumfungia kijana chumbani "mpaka umtoke". Unga humtoka kweli, lakini na ule uzoefu wa mwili humtoka. Akirudi kujidunga kipimo chake cha zamani, sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi huzimika, na tunamzika. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa 2017 ulikuta vifo kama 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka wakiwa kwenye methadoni, na kama 36 wakishaiacha.

Maalim wa Muyeye:
Dada, ahsante kwa elimu, lakini hapo kwenye ugonjwa umeruka jambo. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam, karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia baada ya kurudi kwao, na mwaka wa kwanza ni kama asilimia 5 tu ya wale waraibu waliorudia uraibu. Wengi hawakupewa methadoni. Ugonjwa gani wa ubongo unaopona kwa kupanda ndege? Hata miongoni mwa wanasayansi wapo wanaolipinga jina hilo la ugonjwa. Nami nina hofu ya mlezi: ukimwambia kijana ubongo wake ni mgonjwa, umempa udhuru. Toba inataka hiari, na hiari huijengi kwa kumpa mtu kikombe kila siku mpaka azeeke.

Mama wa Maweni:
Maalim, kwa heshima zote. Mwanangu ametubu mbele yangu mara nyingi, analia kikweli, na jioni arosto ikimshika ametoka. Tangu aanze kunywa dawa anaswali na akili yake iko pale. Nikuulize wewe: toba yake ipi ndiyo ilikuwa na hiari? Anataka kufunga Ramadhani, na kama dawa inakaa zaidi ya siku, kwa nini tusiiombe kliniki imsogezee saa ya kunywa hadi baada ya futari?

Binti Barani:
Maalim, hoja ya Vietnam ni nzito na siikwepi. Lakini tazama walichokiacha: vita, muuzaji, na wenzao wa kuvutia pamoja. Ubongo hujifunza mahali pia. Teja akiona tu kichochoro alichozoea kuvutia, hamu huamka kabla hajaamua lolote. Wale walivushwa bahari. Wa kwetu akitoka kliniki hupita mbele ya maskani yaleyale, na hana kazi ya kwenda. Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu: dawa peke yake haitoshi. Ila hiari nayo hukaa kwenye ubongo, na ubongo ulio katikati ya arosto haumpi mtu nafasi ya kuitumia. Kisukari nacho kinataka hiari ya kula vizuri, na bado hatumnyimi mtu insulini.

Maalim wa Muyeye:
Mama, kuhusu futari uko sahihi, na tuiandikie kliniki barua, na mimi nitakuwa wa kwanza kuweka jina. Kuhusu kuinywa maisha bado sijaridhika. Nataka kila kijana aambiwe mpango wa kupunguza.

Binti Barani:
Wapo wanaopunguza taratibu wakafika, wapo wanaohitaji miaka. Nisichokubali ni kumharakisha mtu ili sisi tuone fahari.

Nahodha, Mayungu:
Nyote mnasema kazi, nami ninayo. Chomboni kwangu wamo vijana wawili walioanza kliniki, wachapakazi hasa. Lakini sisi tunatoka alfajiri kufuata maji, na dawa lazima inywewe mbele ya muuguzi, mchana, kila siku. Mmoja ameacha bahari ili asikose dawa. Mwenzake amekosa dawa ili asiache bahari, na sasa ameanza kuonekana maskani. Mimi si mtu wa kubishana ugonjwa au dhambi. Maalim, kwenye hiyo barua ya futari, ongezeni na wavuvi: dirisha lifunguliwe kabla ya alfajiri, au aliyetulia kwa muda mrefu aruhusiwe kubeba dozi ya kesho. Mkiiandika, nitaizungusha bandarini manahodha watie sahihi.