Rimu ya alumini imenyooshwa, naweza kwenda nayo Mbeya?

Mgeni wa Njia: Wakuu habari. Niliingia shimo, rimu ya sport ikapinda. Fundi kainyoosha, imekaa sawa kabisa. Wiki hii naenda Mbeya na familia. Naombeni ushauri, usingizi sipati.

Spana 13: Kainyoosha kwa baridi au kwa moto? Ufa ulikuwepo?

Baba Wawili: Mashimo ni mwendo, ndugu yangu. Mimi niliua rimu mbili siku moja pale Chalinze, tangu hapo natembea 80. Vijana hamsikii.

Mgeni wa Njia: Moto wa gesi kidogo tu. Na kaufa kama ukucha, kakachomewa kwa gesi ya argoni. Ila fundi ana miaka 20 kazini, na gari haitetemeki hata kwenye 100.

Spana 13: Kutetemeka ni habari ya balansi. Rimu nyingi za alumini kiwandani hupashwa karibu nyuzi 540, zinazamishwa majini ghafla, kisha zinakaa kwenye oveni ya nyuzi 155 hivi kwa masaa. Hapo ndipo chembe ndogo mno za magnesi na silikoni zinajitengeneza ndani na kuikaza. Gesi ya fundi inazikuza, rimu inarudi laini. Chukua 6061, aina moja ya alumini ya mchanganyiko: ikitibiwa hivyo kwa joto inahimili mkazo wa megapaskali 97 ukirudiwa mara milioni 500, ikiwa laini ni 62 tu. Na ufa unaanzia palipochomewa.

Kidoti: Kumbe sufuria langu nalo limechoka kwa ubwabwa 😂

Mgeni wa Njia: Mbona alipasha hadi ikawa nyekundu na haikuharibika?

Mchuma Juani: Hii chai. Alumini mchana huioni ikiwa nyekundu, rimu inaanza kuyeyuka hata 600 haijafika. Mafundi wanapaka sabuni ya mche, ikiwa nyeusi wanaacha. Weka picha.

Kidoti: Chai yenyewe haina tangawizi.

Mgeni wa Njia: Sawa, sikuwepo, hiyo nyekundu alinisimulia kwenye simu. Ila kwa ndani kuna michirizi myeusi, nilidhani vumbi la breki.

Spana 13: Basi hiyo ni sabuni iliyoungua, rimu ilishalainika. Imefungwa wapi?

Mgeni wa Njia: Mbele kushoto.

Spana 13: Itoe leo. Funga tairi la akiba.

Mgeni wa Njia: La akiba lina pancha. Na nipo njiani tayari, Ruaha Mbuyuni, watoto wanakula mahindi. Kabla ya kupanda mlima Kitonga kuna mtu wa pancha?