Ubunifu gani huu wa kutuletea vishikwambi wakati mtoto wa darasa la tano hajui kusoma?

Wakuu, heshima zenu. Nimefundisha shule ya msingi ya umma kwa miaka 14 na leo nimeshindwa kunyamaza. Mnisome mpaka mwisho hata pale nitakapokuwa mkali.

Kila baada ya muda tunaletewa kitu kinachoitwa ubunifu katika elimu. Safari hii ni vishikwambi. Siku vilipofika wageni walipiga picha na watoto, hotuba zikatolewa, magari yakaondoka. Jioni nikasainishwa kimoja kimoja kwa namba yake, na nikaambiwa kikipotea au kikivunjika nakatwa mshahara. Mlitaka nifanye nini? Nimevifungia kabatini. Vimo humo mpaka sasa, na ile nailoni ya kiwandani haijabanduliwa kwenye vioo.

Wiki hiyo hiyo nilimwita mtoto mmoja wa darasa la tano anisomee. Alisoma vizuri, kwa sauti, bila kusita. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpongeze, nikatupia jicho kidole chake. Kidole kilikuwa mstari wa pili, mdomo umeshafika wa nne. Alikuwa ameikariri aya nzima kwa kuwasikiliza wenzake. Nikamfungulia ukurasa mwingine, kimya. Nikamwandikia neno "kikapu" ubaoni, akaitambua "ka" peke yake, kisha akainamisha kichwa. Miaka mitano tumempandisha darasa na kumjazia ripoti, na hakuna mwalimu hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyewahi kukaa naye dakika tatu amwombe asome kitu ambacho hajawahi kukisikia.

Na hayuko peke yake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia, UNESCO na UNICEF walikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto 7 kati ya 10 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Saba kati ya kumi! Halafu mtu anasimama jukwaani kutueleza habari za akili bandia darasani.

Kinachonichoma ni kwamba dawa inajulikana siku nyingi. Shirika la Pratham la India lilianza na jambo ambalo mwalimu yeyote analielewa: chukua karatasi moja yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi, msikilize kila mtoto akisoma peke yake, uone anakwamia wapi. Kisha kwa muda fulani wa siku sahau habari za darasa la tatu au la tano. Wanaokwama kwenye herufi wakae pamoja, wanaokwama kwenye maneno pamoja, kila kundi lifundishwe kuanzia pale lilipo. Mtoto akivuka, anahamia kundi la mbele bila kusubiri mwaka uishe. Basi. Jimbo la Uttar Pradesh, huko India, walifanya hivyo kwa kambi za siku kumi kumi, jumla kama siku 50, na watoto waliokuwa hawajui kitu wakasoma. Zambia serikali yenyewe iliuchukua mpango huo na kuupeleka shuleni kwa jina la Catch Up. Kina Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer, wameupima mpango huu kwa miaka mingi.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo wakubwa hawataki kulisikia. Huko huko India kuna majimbo walimu walipewa mafunzo na vifaa tu, ratiba ikaachwa kama ilivyokuwa. Hakuna kilichobadilika, walimu walirudi kukimbizana na mtaala. Jimbo la Haryana likatenga saa nzima kila siku kwa kazi hiyo, na wasimamizi wakaifuatilia. Watoto wakasoma. Walimu ni wale wale wa serikali. Tofauti ilikuwa saa moja iliyolindwa.

Vifaa peke yake tumeshaona vinafika wapi. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, na utafiti uliotoka mwaka 2012 haukuona nafuu yoyote katika hisabati wala lugha. Hata vitabu, ambavyo mimi navipenda kuliko chochote: Kenya viligawiwa kwa majaribio miaka ya tisini, na walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Wengine hawakuweza kuvisoma, vilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya tatu. Sisemi msilete vitabu. Nasema mkague kwanza nani anaweza kuvisoma.

Mimi na mwenzangu mmoja tulijaribu. Muhula mzima, saa ya kwanza ya asubuhi, tuliwachanganya watoto wa darasa la tatu hadi la tano na kuwapanga makundi manne. Karatasi tuliziandika kwa mkono. Silabi tulikata kwenye maboksi. Yule mtoto wa kidole tulimweka na wadogo zake, mwanzoni aliona aibu mpaka akawa anachelewa makusudi. Wiki ya sita akahamia kundi la maneno. Wiki ya kumi alinifuata ofisini na kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungia kitu, akanisomea kichwa cha habari, polepole, kidole na mdomo vikienda sawa.

Kisha akaja mkaguzi. Hakuuliza nani anasoma. Aliomba azimio la kazi na andalio la somo, akakuta saa ile haimo kwenye ratiba, akaandika kwamba tuko nyuma ya mtaala kwa mada tatu na kutuamuru tuache. Tukaacha. Wale waliokuwa kwenye kundi la herufi wamerudi viti vya nyuma, wananakili ubaoni maneno wasiyoyajua.

Nina hasira wakuu, na sitaomba radhi kwa hilo. Saa moja kwa siku haihitaji mfadhili wala uzinduzi. Inahitaji mtu mwenye mamlaka aandike waraka kwamba mwalimu anayefundisha kusoma saa hiyo asihesabiwe kuwa ameuacha mtaala.

Kama humu yupo mwalimu aliyefanikiwa kuipata saa hiyo shuleni kwake, tafadhali anieleze aliiandikaje kwenye ratiba mkaguzi akaipitisha. Muhula unaanza wiki ijayo na karatasi zangu bado ninazo.