MITI ELFU TANO JUU YA NYASI! Huyu mshauri katokea wapi?

Wakuu, nimefura. Yule jamaa mnamjua, mwenye kizibao cha usalama ambacho hakijawahi kuona vumbi. Leo kwenye kikao cha kujenga eneo la viwanda kwenye uwanda wa nyasi kasimama, kakohoa, kasema: "Hapa hakuna kitu, ni nyasi tu. Tutafidia kwa miti elfu tano." MITI! Kwenye uwanda wa nyasi! Aliyehoji kaambiwa akalete majani yake yapige kura. Ukumbi ukapiga makofi!

Kivuli kinaua nyasi za jua. Ndege wanaotaga chini wanahama, maana kila mti ni kituo cha mwewe. Fidia yenyewe ni uharibifu wa pili! Na alipima kiangazi, wakati maua yenye mashina ya chini mfano wa kitunguu yamelala ardhini. Mvua na kiangazi ndiyo kupima, fremu ya mita 1 kwa 1, spishi moja moja. Yeye kapimia dirishani mwa gari. Elfu tano!

Fundi Greda: Mleta uzi utapasuka kabla greda halijafika 😂 Kero yangu ni udongo wa juu. Wanaukwangua ukiwa umelowa, wanauchanganya na wa chini, wanaurundika mita 5. Katikati hewa haipiti, mbegu zinaoza. Rundo lisizidi mita 2, kila tabaka na rundo lake.

Mama Mbegu: Na wakiurudisha wanamwaga mbolea! Nyasi asilia zimezoea udongo maskini. Fosfeti, kirutubisho cha mbolea, ikizidi, magugu ndiyo yanayonenepa.

Tafuta Hela: Kwa hiyo viwanda vikajengwe mawinguni?

Mama Mbegu: Vikajengwe kwenye karakana zilizokufa na mashamba yaliyokwisha kulimwa. Maegesho yapande ghorofa. Kwanza epuka, halafu punguza, halafu rejesha, fidia iwe ya mwisho kabisa. Na mbuga ibaki kipande kimoja kikubwa, si viraka kati ya maghala.

Nyuki Mkali: Fidia ipi? Melbourne, Australia, mwaka 2010 serikali iliahidi hifadhi za nyasi za hekta 15,000, ardhi yote iwe imenunuliwa kufikia 2020. Mwaka 2020 mkaguzi mkuu wa jimbo kakuta imenunuliwa kama asilimia 10 tu. Mji ulikuwa umeshatanuka!

Mleta uzi: Jamani, MITI ELFU TANO…

Nyuki Mkali: Tumesikia mkuu, kunywa maji.

Fundi Greda: Malori je? Mbegu za magugu vamizi zinasafiri na tope la matairi. Wanaweka sehemu ya kuoshea, maji machafu wanayaelekeza mbugani. Akili hizo!

Uzio Mrefu: Wengine wanazungushia waya halafu wanaondoka. Nyasi kavu zinajilundika, mimea midogo inakosa mwanga, vichaka vinaingia. Choma sehemu kwa sehemu, kwa zamu, usichome yote siku moja.

Mama Mbegu: Uchome jirani na matangi ya mafuta? Ng'ombe wachache, kwa zamu.

Uzio Mrefu: Ng'ombe wanaleta magugu kwenye kinyesi!

Mama Mbegu: Wakae kwanza zizini siku kadhaa wakila majani yasiyo na mbegu. Hata hilo hulijui?

Tafuta Hela: Hao ng'ombe mnauza?