Tupeane uzoefu: ukishaangusha mnyama, ngozi yake unaifanyia nini?

nyati_mmoja
Wadau habari za saa hizi. Naanza mimi mwenyewe msije mkasema nawachokoza tu. Mwaka juzi nilipata leseni ya kuwinda ya wenyeji, nyati mmoja, tukaingia porini na shemeji na kijana wa kutuongoza, siku ya tatu nikaangusha dume la kueleweka. Nyama ikagawiwa vizuri mpaka majirani nisiowajua wakanijua. Sasa ngozi. Kichwani nilishapanga iwe zulia la sebuleni, nikaikunja mbichi vilevile na damu yake, nikaifunga kwenye turubai nikaitupia nyuma ya pikapu, safari masaa tisa na jua la mwezi wa nane. Tumefika usiku, asubuhi nafungua turubai aisee, wife alitoka nje bila viatu. Ukishika nywele zinabaki mkononi kama manyoya ya kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Nikafukia nyuma ya nyumba, mbwa wakafukua, nikafukia tena. Haya, nani aliwahi kutengeneza ngozi ikafaa? Semeni yaliyowakuta, mambo ya kusikia muwaachie wengine.

mchunaji mstaafu
Pole mkuu ila hapo uliipika mwenyewe. Nimefanya uchunaji kwenye kambi za uwindaji wa kitalii miaka 11, Selous ile ya zamani kabla ya 2019 haijamegwa kuwa hifadhi ya Nyerere. Ngozi mbichi ina joto la mnyama ndani yake, ukiikunja na turubai juu umeitia kwenye sufuria ukafunika. Sisi mgeni akimaliza kupiga picha zake tunaanza kuchuna palepale, kambini kuna banda la kivuli, unaitandaza upande wa nyama juu unakwangua mafuta na vinyama vyote, maana kwenye mafuta chumvi haipenyi, ndo unamwaga chumvi. Na simaanishi kunyunyiza kama unaunga mchuzi, unamwaga na kusugua kila kona mpaka ngozi huioni. Ngozi ya kilo ishirini ihesabie chumvi kilo ishirini, chumvi laini, ya mawe inaruka sehemu na palipoachwa ndo panapoanza kuoza. Unaiacha usiku kwenye mwinamo maji yachuruzike, kesho unakung'uta ile iliyolowa unapaka nyingine, afu unaanika kivulini penye upepo. Wengi wanaanika juani, juu inakuwa ng'onda katikati bado mbichi inaoza kimya kimya.

Kama ni kichwa cha kutundika ukutani hapo ndo utajua kazi. Masikio unayageuza kama soksi, midomo unaipasua kwa ndani, pua, kope, kote chumvi ifike. Mwaka wangu wa kwanza niliona uvivu kugeuza sikio moja la pofu (yule swala mkubwa), moja tu, nikasema nani ataona. Wiki ya pili sikio likanyonyoka nywele lote, mgeni mwenyewe kashapanda ndege anasubiri mzigo wake kwao. Sitaki kusimulia nilichoambiwa.

nyati_mmoja
Kilo kwa kilo?? Basi kwa nyati ningebeba gunia zima.

mchunaji mstaafu
Ndio. Leseni ulilipia hukulalamika, gunia la chumvi ndo ghali?

Binti Mkwavi
Jamani kabla hamjafika mbali mtu asije akasoma hapa akaenda kuuza ngozi mnadani. Hiyo kitu kisheria ni nyara, kaka yangu mmoja (wa ukoo) alikutwa na kipande cha ngozi ya swala anatandikia kiti cha pikipiki, anasema alipewa na rafiki yake aliyewinda kihalali. Karatasi hana, rafiki simu haipatikani. Kesi za kukutwa na nyara za serikali bila kibali zinaendaga kama uhujumu uchumi, kwa hiyo dhamana yenyewe mbinde, tulihangaika miezi. Leseni ya kuwinda haikupi ruhusa ya kufanya biashara ya ngozi, biashara ya nyara ina leseni yake, hata ukitaka kumpa mtu zawadi uliza TAWA (mamlaka ya wanyamapori) kwanza. Karatasi zikae na ngozi, sio ngozi Dodoma karatasi Songea.

Kamau wa Ndeiya
Huku Kenya hiyo story ni fupi, uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na mwaka uliofuata wakafunga biashara ya vitu vya wanyamapori. Lakini guka (babu) alipoaga tukifungua sanduku lake tukapata ngozi ya mbega, ile nyeusi na nyeupe ya kuchezea ngoma. Kila mtu akaangalia mwenzake, hakuna alitaka kulala nayo kwake. Uncle mkubwa akaipeleka mwenyewe kwa ofisi ya KWS, wale wa wanyamapori, wakaandika, wakaichukua. Ilikuwa safi ajabu, miaka yote hiyo na bado laini, mpaka leo najiuliza mzee alikuwa anaipaka nini.

mpiga ngoma Bagamoyo
Mimi siwindi ila ngozi nazijua, nawamba ngoma tangu nikiwa mdogo kwa baba mdogo. Watu wanadhani ngozi ya ngoma inadabaghiwa (kutiwa dawa iwe laini isioze), hapana, ukiidabaghi inalegea haitoi sauti. Unailoweka kwenye maji ya majivu siku kadhaa nywele zinaachia zenyewe, unakwangua, unaosha sana, unawamba ikiwa imelowa, ikikauka inajivuta yenyewe inakaza. Ndo maana kabla ya kupiga tunaota nayo moto. Ngozi nyembamba ya mbuzi au swala inalia juu, ya nyati sahau, labda ukate kamba au soli za makubazi. Niliwahi kujaribu ya ng'ombe dume kwenye ngoma ndogo, ilivyokauka ikapasua mzinga wa ngoma. Siku mbili za kuchonga zimekwenda.

Mdau_Pennsylvania
Nipo Marekani, huku kulungu ni wengi kama mbuzi, msimu wa bunduki unakuja mwishoni mwa Novemba na wengi wanachukua nyama ngozi wanatupa, inauma kuangalia. Kuna chama cha Elks wanapokea ngozi za kulungu bure wanatengenezea glavu za maveterani wanaotumia viti vya magurudumu, mimi ya kwanza niliwapa. Ya pili nikajitia fundi. Wenyeji wa asili huku walikuwa wanalainisha kwa ubongo, wanasema kila mnyama ana ubongo wa kutosha ngozi yake mwenyewe. Nikakwangua nywele, nikapaka ule uji wa ubongo (ndani ya gareji, mke kanihamishia huko), nikaanza kuvuta. Siri yote ipo kwenye kuvuta, lazima uivute bila kupumzika mpaka ikauke kabisa mkononi, mimi baada ya masaa mawili mpira ukaanza nikasema naenda kipindi cha kwanza narudi. Nimerudi ni bati. Unagonga inalia. Nikaloweka upya nikaanza moja, mara hii nikamaliza, nikaifukiza moshi, maana bila moshi ikilowa tu inarudi kuwa bati. Imekuwa laini kama blanketi. Ila kama sehemu yako kuna ule ugonjwa wa kulungu wa kukondeana, ubongo usiguse, nunua dawa dukani.

Eyasi kwetu
Napeleka wageni kwa Wahadzabe, wawindaji wa asili wa huku Ziwa Eyasi. Wale hawana gunia la chumvi na hawatupi kitu, ngozi ya swala wanaikwangua wanaisugua inakuwa vazi au ya kulalia, kano za mnyama mkubwa zinakuwa uzi wa upinde. Mzee mmoja upinde wake umevishwa vipande vya ngozi, kila kipande mnyama wake, ukimuuliza anakuhadithia mmoja mmoja mpaka giza linaingia.

nyati_mmoja
Nimesoma zote. Mwaka huu nimeomba swala tu, gunia la chumvi lipo stoo tayari wife anauliza kama nafungua duka. Mchunaji, swali moja: nikishapaka chumvi ya pili ngozi ikakauka na chumvi bado nyeupe juu, naipeleka hivyo hivyo kiwanda cha ngozi au naosha kwanza?

mchunaji mstaafu
Usioshe!! Peleka na chumvi yake. Na karatasi.