USS Princeton, 2004: rada ilishika kitu au mwangwi?

Kibo_Moshi: Wakuu, msaada. Novemba 2004, nje ya pwani ya kusini mwa California, rada ya SPY-1 ya meli ya kivita USS Princeton ilionyesha vitu kwenye futi 80,000 hivi, kisha vikashuka. Mmoja wa waliokuwa kwenye skrini anadai kimoja kilitoka futi 28,000 hadi usawa wa bahari chini ya sekunde moja. Hiyo ni zaidi ya kilomita 8.5 kwa sekunde! Rada inaweza kukosea kiasi hicho?

FundiAntena_Njiro: Inaweza, mkuu. Umbali rada inaupata vizuri, kwa muda wa mwangwi kwenda na kurudi. Kimo inakikokotoa kutokana na pembe. Kitu kikiwa kilomita 100, kosa la nyuzi 1 tu ni takriban mita 1,750 za kimo. Karibu na upeo wa bahari ndiyo balaa kabisa: mwangwi mmoja unakuja moja kwa moja, mwingine unagonga maji kwanza, inachanganyika, kimo kinarukaruka huku kitu chenyewe kinakwenda zake taratibu.

Halafu kuna mwangwi uliochelewa. Rada ikirusha mapigo (vipande vifupi vya mawimbi) 1,000 kwa sekunde, mwisho wake wa uhakika ni kilomita 150; mwangwi wa mbali zaidi unafika pigo linalofuata likiwa limeshatoka, rada inadhani ni wa pigo hilo. Kitu cha kilomita 180 kinaandikwa 30. Dawa: badilisha idadi ya mapigo. Cha kweli kinabaki palepale, cha uongo kinahama.

Na kompyuta ikiunga alama za vitu viwili kuwa njia moja, unapata kasi ya ajabu ambayo hakuna kitu kilichowahi kuikimbia. Doppler (kipimo cha kasi kwa mabadiliko ya masafa ya mwangwi) nayo inakwambia kinaikaribia au kinaiacha rada, basi. Kinachoshuka wima mbali na meli hakiistui sana.

Rau_77: Taratibu, fundi. Waendeshaji walisema mfumo uliwekwa sawa upya na alama zikatoka safi zaidi. Na David Fravor, rubani wa kivita aliyeelekezwa huko, alikiona kwa macho kitu cheupe kisicho na mabawa. Mwangwi wa maji utauonaje kwa macho?

FundiAntena_Njiro: Hauonekani, kweli. Ila macho yanasema kulikuwa na kitu. Hayasemi ndicho kilichoshuka kilomita 8.5. Bila data ghafi za rada sigusi hiyo kasi.

Mzee_wa_Masafa: Kibo, ukitaka kuzoea mambo ya angani kwa vitendo, tafuta risiva ndogo ya redio ya USB na programu ya kusoma taarifa za mahali na kimo ambazo ndege zenyewe hutangaza kwenye megahezi 1090. Antena ni waya wa sentimita 6.9 uliosimama wima katikati ya kipande cha bati, usiguse bati. Kebo iwe fupi. Kwenye masafa haya ndefu inakula mawimbi kweli kweli. Ndege za KIA (uwanja wa Kilimanjaro) utazipata, ila kaskazini mlima Kilimanjaro umekuziba. Na kumbuka hiyo si rada: ndege isiyotangaza huioni.

Kibo_Moshi: Shukrani wakuu. Mzee, kebo ya king'amuzi ya ohm 75 itafaa?

Mzee_wa_Masafa: Inafaa, kwa mita 3 au 4 hupotezi cha maana.