Bustani ya vipepeo Lamu: je, nipande mimea ya monaki?

Mwana wa Langoni (Lamu):
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nyuma ya nyumba yetu nina kiwanja kidogo cha mchanga, na kisima chake kina maji ya chumvi kidogo. Nimesoma habari za monaki, yule kipepeo wa Amerika ya Kaskazini ambaye hukimbia baridi kwa kuruka maelfu ya kilomita hadi kwenye misitu ya milimani Meksiko, na nimeona jinsi watu wa huko wanavyompandia asklepia, mmea wenye utomvu mweupe, majumbani kwa kuwa viwavi wake hawali jani la aina nyingine. Wanangu wanataka sana na sisi tufanye hivyo. Jamaa yangu aliyeko Marekani yuko tayari kunitumia mbegu. Je, zitaota huku kwetu, na zikiota, yuko kipepeo atakayezijia?

Mfugaji wa Gede:
Waalaykumu salaam, dada. Mbegu hizo mwambie azibakishe huko huko. Kuingiza mbegu za mimea nchini kunahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na hata ukikipata, monaki wa Marekani hatakuja Lamu. Lakini ndugu yake unaye tayari, anayeitwa kwa jina la kitaalamu Danaus chrysippus, naye huruka pwani yetu yote: mabawa ya rangi ya machungwa, ncha za mbele ambazo kwa baadhi yao ni nyeusi zenye mabaka meupe, na mwendo wa taratibu usio na hofu, kwa sababu sumu aliyoila utotoni humfanya awe mchungu kwa ndege. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni viwavi wao, kwani wa monaki ana jozi mbili za pembe laini nyeusi, na huyu wetu ana jozi tatu.

Chakula chake pia unakikanyaga kila siku. Ni ule mti mfupi wa Calotropis procera unaomea mchangani na kwenye viwanja vitupu, wenye majani mapana ya kijivu, maua meupe yenye ncha za zambarau, na matunda yaliyofura ambayo yakipasuka hutoa mbegu zenye nyuzi kama pamba. Mti huu hustahimili ukame na chumvi, kwa hiyo kisima chako hakitausumbua. Chukua mbegu au mche mdogo sana, kwa maana mzizi wake huzama mbali na mti uliokomaa haukubali kuhamishwa. Kama ua wako una waya au makuti, uachie pia Pergularia daemia, mtambaazi wenye majani ya umbo la moyo na matunda yenye miiba laini, ambao watu wengi huung'oa wakidhani ni gugu tu.

Hapa Gede wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakilea vipepeo na kuuza mabundo yao (kiwavi akiwa ndani ya ganda kabla hajawa kipepeo) nje ya nchi tangu mradi wa Kipepeo ulipoanzishwa mwaka 1993, na jambo la kwanza ambalo kila mfugaji hujifunza ni kwamba maua humlisha kipepeo mzima lakini hayamzalishi. Bila jani la kiwavi huna bustani ya vipepeo; una mahali pa wao kupita tu.

Bi Mkubwa wa Shela:
Mwanangu, aliyosema huyo ni kweli, nami naongeza mawili. Utomvu mweupe wa mti huo ni sumu na ukiingia jichoni hudhuru vibaya, basi uupande pembeni ambapo watoto hawachezi, na kila anayekata tawi anawe mikono kwa sabuni. La pili ni dawa. Sisi tumezoea kuponda majani ya mwarobaini na kunyunyizia mboga, na kwa mboga ni jambo jema, lakini maji hayo humzuia kiwavi asiambue ngozi yake na hatimaye humuua, awe mharibifu au mgeni uliyemwalika. Usinyunyizie upande ule hata siku moja. Kwa chakula cha wakubwa, mrehani ulioachwa utoe maua unatosha kuanzia, na ukipata marejea, mmea wa jamii ya kunde, uyapande pia, kwani vipepeo madume huyafuata hata yakishakauka.

Mwana wa Langoni:
Ahsanteni sana. Je, majani yakiliwa yote, mti hautakufa?

Mfugaji wa Gede:
Haufi, utachipua tena. Panda miche kadhaa, ili mmoja ukiliwa mwingine uwe na majani. Jike hutaga yai moja moja, mara nyingi upande wa chini wa jani, nalo ni jeupe na dogo kuliko kichwa cha pini; wafundishe watoto kulipindua jani polepole bila kulichuma. Miche iwe ardhini masika yanapoanza mwezi wa Aprili, ipate mvua ya kutosha kushikia mizizi.